Kiboko wa Malkia, Mpunga wa Josephina

Novemba 27, 1955

Kuanzia leo, kati ya Mpanda na Usevya hakuna binadamu mwenye amri kunizidi mimi, Makarius. Namwondoa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kwa heshima tu, maana yeye mwenyewe hakai huku. Namwondoa na Mwene, mtemi wetu, lakini Mwene hana shati la kaki lenye vifungo vya shaba. Mimi ninalo. Nimekabidhiwa asubuhi hii na Bwana Ndorobo, yule Mzungu mwembamba anayesimamia mambo ya mainzi ya malale, mbele ya macho ya watu wote wa Kanindi. Nimepewa na wavu wa kunasia, na chupa ya kuwekea maiti za ndorobo, na geti la barabarani lenye kibanda cha giza pembeni. Kila apitaye, awe na baiskeli, awe na mzigo kichwani, awe padri, lazima asimame nimkague mgongo kama amebeba ndorobo. Hata gari la Bwana Shauri litasimama. Nimewaambia watu wazi: serikali ya Malkia hapa Kanindi ni mimi.

Nimeamua pia kuandika mambo yangu, kama mapadri wa misheni wafanyavyo. Niliishia darasa la pili, si kwa ujinga. Mwalimu aliona najua mengi, akaingiwa na hofu ya kazi yake.

Mke wangu Dafrosa amelitazama shati lile mbele na nyuma, akauliza, "Sasa baba Helena, hili nalo nitalifua kwa sabuni ya nani?"

Habari kubwa namna hii, yeye anawaza sabuni.

Novemba 29

Mvua. Hakupita mtu.

Novemba 30

Mvua. Amepita mbuzi. Nimemkagua.

Desemba 8

Nimechoka, na mwezi bado haujaisha. Nilisema mimi ni serikali ili watu waniheshimu. Sikusema ili waniletee shida zao.

Asubuhi kabla sijanywa uji amekuja mzee Ambrosi, jirani yangu, mtu wa zamani sana, meno yake yote yaliondoka pamoja na Wajerumani. Anasema nyani wanang'oa mahindi yake.

"Mzee wangu, nyani na mimi wapi na wapi? Mimi ni wa ndorobo."

"Si ulisema wewe serikali? Kodi natoa. Nyani wanakula. Mimi naleta habari."

Akaenda zake. Akaja mama mmoja, mume wake amekwenda kwenye mgodi wa risasi Mpanda, hajarudi tangu mwaka jana, eti serikali imkamate imrudishe. Akaja mwingine, paa lake linavuja. Paa! Halafu mti ukaanguka barabarani, wakanifuata tena, nikaukata mwenyewe kwa shoka langu mwenyewe, huku nimevaa shati la Malkia, na wanaume sita wamesimama wananiangalia kama watu walioalikwa ngomani.

Jumbe wetu ni Hilari. Kazi hiyo ya mashauri ni yake, amewekwa na Mwene na anakula mshahara wake. Lakini siku hizi anakaa barazani anavuta tumbaku, na kila anayemfuata anamwambia, "Nendeni getini bwana, serikali mpya iko kule, ina na vifungo."

Desemba 25

Noeli. Mto umejaa, hatukufika misheni. Tumesali nyumbani. Nimeongoza mimi. Dafrosa anasema niliruka Nasadiki. Sikuiruka, niliifupisha.

Januari 14, 1956

Mpunga wa dada yangu Josephina umeshika vizuri. Nauandika hapa kwa sababu hakuna mwingine Kanindi aliyelima bonde zima hivi. Mume wake alifariki mwaka juzi. Anakaa na mwanawe Krispini, mke wa Krispini na watoto wao wadogo. Mahindi yao ya mwaka jana yaliliwa na nzige na ghala liko tupu kabisa, unaweza kulala ndani. Mpunga huu ndio chakula chao cha mwaka, hakuna kingine. Josephina ni mkubwa wangu. Alinibeba mgongoni, na kila akikasirika ananikumbusha.

Krispini ni mwanamume mzima lakini ukimwuliza jambo utadhani maneno anayanunua dukani Majengo. Anajibu "Ndiyo mjomba", "Hapana mjomba", basi.

Januari 20

Mvua.

Januari 23

Nyayo za kiboko zimeonekana kwenye bonde la Josephina. Amekula ukingo mmoja, si sana, upana wa ua wa nyumba. Josephina amekuja getini na matope mpaka magotini.

"Makarius, kiboko wenu amenikosea."

"Kiboko wetu na nani, dada?"

"Wa serikali. Si ndiyo sheria mliyotutangazia? Kwamba kiboko ni mali ya Malkia, na atakayemwua bila kibali anafungwa? Basi kama ni wa Malkia, mwambie Malkia amfunge kamba. Mimi mbuzi wangu akiingia shamba la mtu nalipa."

Mtu wa serikali hakosi la kusema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, viboko mimi nawajua. Mwaka wa vita nilivuka Kavuu mto umefurika nikiwa nimesimama juu ya mgongo wa kiboko, nikidhani ni jiwe, mpaka lile jiwe lilipopiga chafya.

Dafrosa alikuwa anapita na ndoo. "Mwaka jana lilikuwa gogo," akasema.

Hata hivyo nimefanya kazi. Limepita lori la mzigo kwenda Mpanda, nimemwagiza dereva afikishe habari boma: kiboko yuko Kanindi, aletwe askari wa Bwana Nyama, yule Mzungu wa wanyama wa porini, na bunduki. Nimemwambia aseme imetoka kwa Makarius, watajua.

Februari 2

Boma hawajajibu. Josephina na Krispini wamejenga dungu, wanalala huko juu wanapiga debe usiku kucha. Debe hilo linasikika mpaka kwangu. Nimemwambia Josephina linanisumbua usingizi na mimi ni mtu wa kazi. Sitaandika alichonijibu.

Februari 9

Bado.

Februari 12, Jumapili

Leo tumekaa kwa Jumbe Hilari kuzungumza habari ya kiboko, na kama kawaida hatukuzungumza kiboko. Tumezungumza serikali, maana Ambrosi akianza hazuiliki.

"Zamani," akasema, "kiboko akikanyaga shamba, ngoma ya Mwene inalia, wanaume wote wanatoka. Tunachimba shimo kwenye njia yake, kwa sababu kiboko hana akili ya njia mbili, anapita palepale mpaka kufa. Akianguka anachomwa. Kidari kinakwenda kwa Mwene, nyingine ni yenu. Na njaa ikija Mwene anafungua ghala. Hiyo ndiyo ilikuwa serikali. Ulikuwa unaijua kwa harufu ya nyama."

"Na ghala lile lilijazwa na nani?" akauliza Josephina.

"Sisi. Tulimlimia."

"Na mtu akikataa kulima?"

Ambrosi akatafuna hewa kidogo. "Anakatwa sikio."

"Aa. Basi ile inakata sikio na kufungua ghala, hii inachukua kodi na kufuga viboko. Mimi nauliza, hakuna ya tatu?"

Hilari akasema wapo vijana wanaouza kadi za chama kule Mpanda, wanasema ya tatu inakuja. Josephina akauliza inakuja lini, kabla ya mavuno au baada ya mavuno. Hilari hakujua.

Mimi nikasimama nikaeleza vizuri kwamba serikali ni kama mwili, ina kichwa, ina mikono, na mimi ni jicho. Wakacheka mpaka Ambrosi akakohoa. Watu wa hapa hawaelimiki.

Februari 13

Mvua ya mawe. Shati limepata madoa.

Februari 27

Leo nimesimamia sheria sawasawa, na nataka iandikwe hivyo.

Mchana mvua ilikuwa imekatika. Getini walikuwepo wanawake wa biashara kama saba, wanapeleka karanga Majengo, nami nawakagua mmoja mmoja huku nikiwasimulia habari za chui niliyemnyonga. Akatokea mtu na baiskeli kutoka upande wa Mpanda, amevaa kofia, bunduki mgongoni. Nilimjua mara moja. Ni Telesphor, askari wa Bwana Nyama. Hakushuka kwenye baiskeli. Akaweka mguu mmoja chini, akasema kwa sauti, mbele ya wanawake wale wote:

"We mzee wa wavu, fungua hapo, nina kazi ya serikali."

Mzee wa wavu!

Nikamwambia serikali ndiyo inayozungumza naye. Ashuke. Aingize baiskeli kwenye kibanda cha giza, avue koti nilikung'ute, na bunduki nayo nitaikagua, ndorobo hupenda chuma. Akasema hakuna sheria ya kukagua bunduki. Nikasema ipo, labda haijafika kwao. Wanawake wakaanza kucheka, sikujua wanamcheka nani, ikabidi niongeze ukali. Nikamwomba cheti cha kusafiri ndani ya pori la malale. Akasema yeye ndiye anayewaomba watu vyeti. Nikasema leo atajua uchungu wake. Nikamweka kwenye kibanda. Mvua ikarudi. Kibanda kile kinavuja.

Alipotoka alikuwa amelowa mpaka kofia. Akasema, "Mwambie huyo mwenye shamba amshukuru mtu wa wavu." Akageuza baiskeli, akarudi Mpanda.

Amekosa adabu ya kazi huyu. Angesubiri kidogo tu ningemfungulia. Sheria ni sheria, haitazami nani anakwenda wapi.

Sijamwambia Josephina. Hakuna la kumwambia, kwa sababu mtu ambaye hakufika ni sawa na mtu ambaye hakuja.

Machi 3

Mvua. Debe linalia.

Machi 6

Debe limenyamaza tangu alfajiri. Nimeshangaa, halafu nikaona bora, nikalala.

Machi 6, tena, jioni

Debe lilinyamaza kwa sababu kiboko aliangusha dungu.

Nimekwenda kuona. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, ulikuwa bado wiki chache tu ujae. Nusu ya bonde haipo. Huwezi kusema umeliwa, maana sehemu kubwa imelazwa tu kwenye matope, imekanyagwa, kama mtu aliyetandika mkeka. Krispini amechubuka bega, amekaa juu ya nguzo ya dungu iliyovunjika. Nikamwuliza, "Umeumia mjomba?" Akasema, "Hapana mjomba." Josephina alikuwa anatembea ndani ya matope anayainua masuke moja moja, anajaribu kuyasimamisha kwa mkono, yanaanguka, anainua tena.

Nikatafuta hadithi ya kumwambia. Mimi, kukosa hadithi! Nikasimama tu pale na vifungo vyangu.

"Wale wa boma," akasema bila kunitazama, "hawakuja."

Nikasema boma wana mambo mengi.

Machi 8

Wamenifuata getini wote: Josephina, Krispini, Ambrosi, na wanaume wengine wa Kanindi wenye majembe mabegani. Jumbe Hilari amekuja nyuma kabisa, ili akiulizwa aseme alikuwa anapita.

Ambrosi amesema watachimba shimo kwenye njia ya kiboko, kama zamani, kabla hajarudi kumalizia nusu iliyobaki. Lakini hawataki kufanya mambo kama wezi. Wanataka ruhusa.

"Ruhusa iko kwa Jumbe," nikasema.

"Mimi nimekuja kuangalia mvua," akasema Hilari.

"Iko kwa Mwene, basi."

"Mwene ameshaambiwa na Bwana Shauri asitoe," akasema Ambrosi. "Iko kwa Bwana Shauri, na Bwana Shauri hakujibu. Amebaki nani mwenye shati?"

Nikaanza kuwaeleza habari ya Kavuu. Josephina akaweka jembe chini.

"Makarius. Leo sitaki jiwe wala gogo. Tangu mvua ya kwanza unatuambia wewe ni serikali. Nataka neno moja tu. Serikali inaruhusu, au hairuhusu?"

Nilitazama barabara huku na huku. Hakuna lori, hakuna baiskeli, hakuna hata mbuzi. Siku nyingine zote watu wanapita, siku unayotaka mtu apite akuokoe hapiti.

Nikasema, "Inaruhusu."

Nikaongeza, "Kwa sauti ndogo."

Hawakusikia la pili, walishaondoka.

Machi 10

Wanachimba. Mimi nakagua shimo jioni. Nimewaambia lina upungufu upande wa kushoto.

Machi 13

Kiboko amekufa.

Alianguka alfajiri. Tulikwenda kukiwa kumepambazuka, mimi nimevaa shati ili jambo liwe halali. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na mimi huwa nadhani makubwa. Alikuwa anapiga kelele mpaka unasikia tumboni mwako. Kwa kuwa kazi kama hii inahitaji mtu wa kuiona yote, nilipanda mti uliokuwa karibu, nikaongoza nikiwa huko juu. Wanaume walizunguka shimo na mikuki, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Krispini akapita katikati yao bila kusema neno, bega lake bado limevimba, akakaa ukingoni kama mtu anayepima kina cha mto. Akangoja. Kiboko alipoinua kichwa, akampiga mkuki mara moja tu, nyuma ya sikio. Kimya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Krispini akatapika, akaenda kunawa.

Nusu ya mpunga imepona.

Kushuka kwenye mti ule kulikuwa na taabu kidogo. Josephina aliniletea ngazi ya dungu.

Machi 14

Leo tumegombana juu ya kidari, na bado nimekasirika naandika.

Nyama imegawanywa vizuri, kila nyumba. Kidari kikabaki juu ya majani ya mgomba. Nikasema kidari ni cha serikali, nikanyoosha mkono. Ambrosi akanipiga mkono kwa fimbo, mkono wa Malkia!

"Kidari ni cha Mwene. Shamba lililoangusha kiboko bila Mwene kuonja halioteshi tena. Nyie mnataka Josephina alime jiwe?"

Nikamwambia, "Mzee, hii ni nyama iliyokatazwa. Mwene siku hizi ni mtu wa Bwana Shauri. Unampelekea mtu wa Bwana Shauri ushahidi ukiwa na mafuta yake?"

"Mwene ni Mwene."

"Wa zamani ndiyo! Huyu ana karani!"

"Anayo midomo. Ataonja."

Nikamgeukia Josephina, nikajua yeye ana akili. Akafikiri sana. Akasema, "Mwaka huu nimeshapigwa na serikali ya sasa. Sitaki na ya zamani inipige." Akakifunga kidari kwa mikono yake mwenyewe. Kimekwenda. Kimepita getini kwangu, nimekikagua, hakina ndorobo.

Mimi nimepewa mkia.

Machi 30, Ijumaa Kuu

Kimya. Mvua zinapungua.

Aprili 9

Tarishi wa Mwene amefika. Anasema Mwene ameshukuru kwa kidari, kilikuwa kizuri, na kwamba baada ya kula aliona hana njia ila kumwarifu Bwana Shauri, kwa sababu habari ingefika tu na yeye angeulizwa alikuwa wapi. Bwana Shauri anakuja Kanindi keshokutwa kuamua kesi hapa hapa.

Amekula kwanza, akaripoti baadaye! Nimempigia kelele Ambrosi mpaka sauti ikakauka. Amesema, "Lakini alionja." Anaona amefanya jambo jema. Nifanye nini na mtu kama huyu?

Tarishi anasema aliyemwua ndiye atakayekwenda na gari. Mke wa Krispini amelia mchana kutwa. Mavuno yanaanza mwezi ujao, na bila Krispini Josephina hawezi kuuvuna mpunga ule peke yake kabla ndege hawajaumaliza.

Aprili 11

Naandika usiku huu kwa sababu wageni wamelala hapa, na kesho naondoka na gari lao.

Bwana Shauri amekuja na gari. Limesimama getini. Nimelikagua. Tarishi akaninong'oneza niache.

Wamekaa kwa Jumbe: Bwana Shauri kwenye kiti, mkalimani pembeni, Mwene kwenye kiti chake cha miguu mitatu, mzee mwenye macho ya uchovu, hakumtazama mtu. Na nyuma ya gari akashuka nani? Telesphor. Nikasogea nyuma ya nguzo.

Bwana Shauri akauliza shamba la nani. Josephina akasimama. "Langu."

"Shimo alichimba nani?"

"Mimi. Na kila mwenye jembe."

"Kwa nini hamkuomba msaada wa serikali?"

"Tuliomba, Bwana. Tuliagiza kwa lori. Tukakaa mwezi mzima tukipiga debe."

Mkalimani akageuza maneno. Bwana Shauri akashangaa, akasema yeye alimtuma mtu. Telesphor akasimama, akavua kofia, akaeleza yote. Baiskeli, kibanda, koti, bunduki, cheti, mvua. Hakuongeza hata neno moja, ndiyo ilivyokuwa mbaya. Ningeweza kumkanusha mtu anayeongeza.

Watu wote wa Kanindi wakanigeukia. Dafrosa akajifunika uso. Josephina hakunitukana. Alinitazama kama alivyoyatazama yale masuke, kama kitu kilicholala kwenye matope anachofikiri kama kinaweza kuinuliwa.

"Basi Bwana," akamwambia Bwana Shauri taratibu, "serikali ilikuja, ikarudishwa na serikali. Sisi wenye mpunga tulikuwa wapi hapo?"

Bwana Shauri akaandika kitu, akafuta. Akamwuliza Mwene anasemaje. Mwene akasema, "Zamani mtu aliyeua kiboko wa shambani ningempa ng'ombe. Sasa kazi yangu ni kumtaja. Lakini jina silijui, kidari hakisemi." Nilimwonea huruma kidogo, japo alikula.

Ikafika swali lenyewe: nani alipiga mkuki. Mbwa akapita katikati ya baraza. Josephina alikuwa ameshika shuka ya Krispini kwa nyuma, ameikunja ngumini, na Krispini anaanza kuinuka hivi, taratibu, na mama yake anamvuta. Fuvu la kiboko lilikuwa limeletwa, Telesphor akaligeuza kwa mguu, akaonyesha tundu nyuma ya sikio, akasema maneno mengi ya ufundi.

Nikasimama mimi.

"Ni mimi, Bwana. Mimi Makarius. Mkuki mmoja."

Krispini akafungua mdomo, na safari hii alikuwa na maneno, niliona hilo, ila Josephina akamvuta akakaa chini kwa nguvu. Jumbe Hilari, ambaye hajawahi kuniunga mkono tangu tuzaliwe, akasema, "Ndiye. Tulimwona." Ambrosi akasema, "Ndiye." Wakasema wote, hata wanawake.

Telesphor alinitazama tumbo, akatazama mikono yangu, akatazama mabega mapana ya Krispini. Nilijua amejua. Akavaa kofia yake, akanyamaza.

Bwana Shauri ameniachisha kazi hapo hapo. Nitakwenda Mpanda kufyeka nyasi za boma mpaka wenye amri watakaposema basi. Shati likavuliwa mbele ya watu. Ndani sikuwa na kitu. Nimesimama pale kifua wazi, na kifua changu si kile cha zamani, mpaka Josephina akaja akanifunika kanga yake mabegani.

Amesema polepole, "Mdogo wangu." Basi. Sikuweza kumtazama.

Juni 19

Nimerudi. Nyasi za boma la Mpanda hazijawahi kufyekwa namna ile. Wafungwa wenzangu walikuwa wananiita Kapteni. Bwana Shauri mwenyewe alipita siku moja akasimama, akatazama, akapita. Hakusema kitu, lakini nilielewa.

Getini yupo mtu mwingine, shemeji yake Jumbe. Wavu anaushika kama kapu. Nimemwonyesha unavyoshikwa, akaniambia nisimame pembeni nikaguliwe. Nikasimama.

Josephina amevuna. Si bonde lote, lakini watakula mpaka mvua zijazo wakienda kwa uangalifu. Amenipikia wali wa mpunga ule na kuku, amenikalisha kwenye kiti, na Krispini amepiga goti mbele ya watoto wake akaninawisha mikono. Nikamwambia inuka bwana, unanitia aibu. Akasema, "Hapana mjomba."

Watu wamekuja jioni kunisalimia. Mmoja paa lake bado linavuja. Nimemwambia nitamsaidia kesho, na kwa kweli nitakwenda, sijui kwa nini.

Josephina anamweleza kila anayepita kwamba mdogo wake alijitoa afungwe yeye ili Krispini apone. Padri amesikia, amelitaja jambo hilo kule misheni kwenye mahubiri, bila jina, lakini wote wamejua. Hata Dafrosa siku hizi ananisikiliza mpaka mwisho wa hadithi. Sijamkatalia mtu. Ukweli nauandika hapa tu, ambapo Dafrosa hasomi.

Siku ile ya baraza nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo, nimeinamisha kichwa, na nia yangu ilikuwa kukaa hivyo hivyo mpaka gari liondoke. Sikuwa nikimwaza Krispini. Ni Telesphor aliyeniharibia. Alipogeuza fuvu lile, alisema aliyepiga hapa ni mwanamume wa kweli, hajaona mkono kama huo maisha yake yote. Mkalimani akageuza, na Bwana Shauri akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Watu wageni wote pale wakaanza kuangaza huku na huku wamwone huyo mwanamume ni yupi, na macho yao yakanipita mimi kama yanavyopita kisiki.

Hilo ndilo sikuweza kulivumilia.